Ubao Uliwekewa Nani?

Baraza la Mitihani la Tanzania humwongezea mtahiniwa asiyeona au mwenye uoni hafifu dakika 20 kwa kila saa ya mtihani wa Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mwenye uoni hafifu hupewa pia karatasi ya maandishi makubwa. Utaratibu huu hutangazwa mitihani ya darasa la saba inapokaribia, na hawakosekani watu wazima, wenye akili zao timamu, wanaonung'unika: mtihani ni mtihani, hawa mbona wanapendelewa? Wapo pia wanaousifu kuwa ni huruma nzuri ya serikali. Naamini anayelalamika na anayesifu wamekosea jambo lile lile. Wote wawili wanadhani mtoto huyo amepewa kitu ambacho wenzake hawakupewa. Dhana hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo inayoirudisha nyuma kila juhudi ya kurekebisha elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu, hapa kwetu na kwingineko.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe. Mtoto asiyeona huandika kwa mashine ya Perkins, chuma chenye uzito wa karibu kilo 5, chenye vitufe sita vya nukta na kimoja cha nafasi katikati. Karatasi yake ni nene. Herufi moja huweza kuhitaji vidole kadhaa vibonyeze kwa pamoja, na nukta hutokeza juu ili mwandishi aweze kupapasa alichokiandika. Sasa mpe hesabu ya sehemu. Mwenzake anayeona huiona yote kwa mara moja: kiasi juu, mstari, asili chini, na jicho hupanda na kushuka bila kutoka jasho. Nukta nundu hupangwa katika mstari mmoja, kushoto kwenda kulia. Kiasi kinakuja, kisha asili, na mtoto lazima akishike cha kwanza kichwani wakati kidole kinakitafuta cha pili. Akitaka kuhakiki, kidole kinaanza upya mwanzo wa mstari. Zile dakika 20 ni za kazi hiyo ya kidole. Hazimpi jibu hata moja.

Swali linalofuata ni gumu kuliko linavyoonekana: mtihani wa Hisabati unapima nini? Kama unapima uwezo wa kujumlisha sehemu, basi kasi ya kusoma imejipenyeza humo bila kualikwa, na kumwondolea mtoto kizuizi hicho ni kuusafisha mtihani wenyewe. Ningefurahi hata siku moja muda huo wakiongezewa wote. Ikiwa mtoto anayeona naye atapata alama za juu zaidi akipewa dakika 20 za ziada, itakuwa miaka yote hii tumekuwa tukipima mbio tukiziita hesabu.

Tutoke kwenye chumba cha mtihani, tuingie darasani siku ya kawaida. Ukutani kuna ubao mweusi, na kuna chaki nyeupe ili maandishi yaonekane kutoka dawati la nyuma. Madirisha ni mapana, pande zote mbili. Mlangoni kuna ngazi mbili au tatu za saruji. Mwalimu anasimama mbele na kusema kwa sauti. Vyote hivi vimelipiwa, na vimelipiwa kwa ajili ya watoto wa aina fulani. Ubao na chaki vilinunuliwa kwa ajili ya wanaoona. Madirisha yalitobolewa ili yawape wao mwanga. Sauti ya mwalimu, ambayo ndiyo gharama kubwa kuliko zote kwa kuwa ni mshahara, ni huduma kwa wanaosikia. Ngazi zilijengwa kwa wenye miguu inayopanda. Hakuna aliyewahi kuyaita madirisha kuwa ni mahitaji maalumu ya wenye macho, wala mfadhili aliyepiga picha akiikabidhi shule boksi la chaki kama sadaka kwa wanaoona.

Msaada unaowafaa walio wengi huzoeleka mpaka huacha kuonekana kuwa ni msaada. Wazia shule zilizojengwa na taifa la wasioona. Hazingekuwa na taa wala madirisha makubwa, na vitabu vyote vingekuwa vya nukta nundu. Siku moja angefika mtoto mwenye macho, akalalamika kwamba gizani hawezi kufanya kitu. Kamati ingeundwa. Mtaalamu angeandika kwamba mtoto huyu ana hitaji maalumu la mwanga, mzazi angeambiwa asubiri bajeti ya mwaka ujao, na walimu wangelalamika kwamba hawakufunzwa kuwasha taa. Mtoto huyo hana upungufu wowote. Amekosea jengo tu. Kwa hiyo mageuzi yanayoanza kwa kuuliza tuwaongezee nini hawa yameanza katikati ya hesabu. Hesabu nzima huanza kwa kuuliza nani amekuwa akipokea siku zote, na amepokea kiasi gani.

Mwaka 1979 Amartya Sen, mchumi na mwanafalsafa wa Kihindi, alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Stanford chini ya swali fupi: usawa wa nini? Kila mtu hudai usawa. Wanachotofautiana ni kile wanachotaka kigawanywe sawa. Ukigawa fedha sawa kwa sawa, mtu mwenye ulemavu wa miguu atatumia sehemu ya fungu lake kununua mwendo ambao jirani yake alizaliwa nao, na kilichobaki mikononi mwao hakitakuwa sawa tena. Ukigawa kwa kufuata nani atazidi kufurahi kwa kila shilingi, hali inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu mtu yule yule atanyimwa kwa hoja kwamba shilingi haizai furaha kubwa kwake. Sen alitaka tutazame kile ambacho mtu anaweza hasa kukifanya kwa alichopewa.

Hesabu za shule zetu kwa sehemu kubwa hazijafika hapo. Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi Tanzania imekuwa ikikokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa mwaka, kichwa kwa kichwa. Utaratibu huu una sifa zake: ni rahisi kuukagua, na ni vigumu kwa mkubwa kuupindisha kwa ajili ya shule ya kijijini kwao. Lakini mashine moja ya Perkins huuzwa mamia ya dola za Marekani. Serikali hutenga mafungu mengine ya vifaa na chakula, na hilo nalipongeza kwa dhati. Tatizo ni kwamba fungu linaloitwa la ziada hubaki na hadhi ya ziada, na mkono unapokuwa mfupi cha ziada ndicho cha kwanza kupunguzwa. Chaki haipunguzwi.

Walioliwaza jambo hili kwa muda mrefu wana cha kutufundisha, pamoja na walipokwama. Mary Warnock, mwanafalsafa wa Oxford, alikabidhiwa mwaka 1974 kamati ya kuchunguza elimu ya watoto wenye ulemavu nchini Uingereza, na ripoti yake ikatoka mwaka 1978. Kabla yake mtoto aliwekwa kwenye kundi la kilema fulani, na kundi likaamua shule. Wengine, mpaka sheria ya mwaka 1970 ilipobadilisha mambo, walihesabiwa hawafundishiki kabisa, wakaachiwa idara za afya. Kamati ya Warnock ilitaka makundi yale yaachwe, swali liwe ni nini mtoto huyu anahitaji ili ajifunze. Ikakadiria kwamba mtoto 1 kati ya 5 atahitaji msaada wa namna hiyo wakati mmoja au mwingine wa maisha yake ya shule. Hapo ndipo uzito wake ulipo. Mtoto 1 kati ya 5 si mgeni anayepita. Ni sehemu ya kila darasa. Mpaka kati ya watoto wale na wetu ukafutika, angalau katika maandishi.

Kisha sheria ya mwaka 1981 ikaja na hati. Kwa watoto wenye mahitaji makubwa, mamlaka ya eneo ilitakiwa kuandika mahitaji hayo yote na kuyatimiza kwa mujibu wa sheria. Mwaka 2005 Warnock mwenyewe, akiwa amezeeka, aliandika kijitabu akisema waziwazi kwamba mfumo aliousaidia kuzaliwa umekwenda kombo na unahitaji kufikiriwa upya. Sheria ya mwaka 2014 ikaibadilisha hati, ikaipa jina jipya, ikaipanua mpaka umri wa miaka 25. Kufikia Januari 2025 England ilikuwa na watoto na vijana zaidi ya 600,000 wenye hati hiyo, na wazazi wanaoshindana na mamlaka mbele ya mabaraza ya rufaa kwa ajili ya hati hiyo wamekuwa wengi. Naheshimu nia iliyokuwa nyuma ya yote hayo. Ila darasa la kawaida likibaki kama lilivyokuwa, na hati pekee ndiyo inayofungua mlango wa msaada, kila mzazi atatafuta hati, na mzazi asiyejua kuandika barua wala kumlipa mwanasheria atabaki nje na mwanawe.

Kuna tanzi humu ambalo Martha Minow, mwanasheria wa Marekani, alilieleza mwaka 1990: ukiitaja tofauti ya mtoto unamtia alama, usipoitaja unamnyima msaada. Sisi tunalijua tanzi hili katika sura ya kutisha. Mtoto mwenye ualbino hahitaji mengi ili asome: kofia, mafuta ya kukinga jua, kiti cha mbele, maandishi makubwa, mwalimu anayesoma kwa sauti anachokiandika ubaoni. Lakini mauaji ya watu wenye ualbino yalipoitikisa Kanda ya Ziwa mwishoni mwa miaka ya 2000, watoto wengi walikusanywa kwenye vituo kama Buhangija, Shinyanga, ili wasiuawe. Utengano uliokoa maisha yao, na ukawatenga na mama zao. Atakayesema kituo kile kilikuwa kosa na awaangalie waliopona. Na atakayesema basi mahali pa mtoto mwenye ualbino ni kituoni, huyo amewahamishia watoto adhabu iliyowastahili wauaji.

Siku hizi neno linalotawala kwenye sera ni elimu jumuishi. Nalikubali, kwa tahadhari moja ninayotaka kukaa nayo kidogo, kwa sababu humo ndimo watoto wengi wanapopotelea huku takwimu zikionyesha wapo.

Mfikirie mtoto kiziwi wa darasa la nne katika shule ya kawaida. Amekaa dawati la mbele, kama mwongozo unavyotaka. Mwalimu anaandika, na akiandika anazungumza akiwa ameugeukia ubao, kwa hiyo hata midomo haionekani. Mtoto ananakili. Ananakili vizuri ajabu, kwa sababu macho yake hayana kazi nyingine. Mwandiko wake ni wa kupendeza kuliko wa wenzake, nukta na mikato mahali pake, tarehe imepigiwa mstari kwa rula. Mwalimu anapita, anaweka vyema. Mama yake akija shuleni anaonyeshwa daftari: "Huyu hana shida, mama. Tazama." Kinachoweza kupita miaka bila kugunduliwa ni kwamba mtoto hajui hata sentensi moja kati ya hizo inasema nini. Ameandikishwa, anahudhuria, anapandishwa darasa. Katika kila jedwali amejumuishwa, na katika maisha yake hakuna mtu hata mmoja anayeongea naye kuanzia kengele ya asubuhi mpaka ya kwenda nyumbani.

Kuwapo mahali na kushiriki mahali hapo ni mambo mawili, na kinachoyaunganisha kwa kiziwi ni lugha. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, wengi wao wakiwa watu wanaosikia, wakaazimia kwamba viziwi wafundishwe kwa kusema. Lugha za alama zikafukuzwa madarasani katika nchi nyingi. Ulipofika mkutano wa mwaka 2010 huko Vancouver ndipo warithi wa mkutano ule walipotamka majuto. Kwa miaka 130 watu wema, waliotaka kwa moyo wote kuwaingiza viziwi katika jamii, waliwanyang'anya kitu pekee ambacho kingewawezesha kuingia.

Lakini historia ina pia mfano wa kinyume. Katika kisiwa cha Martha's Vineyard, pwani ya Marekani, uziwi wa kurithi ulikuwa mwingi kwa vizazi kadhaa. Nora Ellen Groce aliyakusanya masimulizi ya wazee wa huko katika kitabu alichokitoa mwaka 1985. Wakazi wanaosikia nao walitumia alama: wavuvi kutoka mashua moja hadi nyingine, majirani barazani, hata wanaosikia wenyewe kwa wenyewe. Viziwi walioa, walilima, walishika nafasi za uongozi, na wazee walipoulizwa juu ya fulani mara nyingi walitaja kwanza kazi yake, uziwi ukaja baadaye kama jambo lililokuwa limewapitia. Kijiji cha Adamorobe nchini Ghana nacho kina lugha ya alama yake, inayojulikana na wengi wanaosikia. Masikio ya viziwi hao hayakutibiwa. Kilichobadilika ni mikono ya majirani zao.

Ndiyo maana siungi mkono wanaotaka shule za viziwi zifungwe kwa jina la ujumuishi. Shule kama ile ya Tabora, iliyoanzishwa mwaka 1963, huwapa watoto kitu ambacho mwalimu mmoja aliyehudhuria semina hawezi kuwapa: watoto wengine wa kuzungumza nao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unadai elimu jumuishi katika kifungu cha 24, na kifungu hicho hicho kinadai lugha ya alama na utambulisho wa lugha wa viziwi viendelezwe. Sioni mgongano humo. Asiyeona akiwa na mashine yake na vitabu vyake anaweza kukaa darasa lolote, kwa sababu lugha ya darasa ni lugha yake. Kiziwi peke yake kati ya watoto 80 wanaosikia hana lugha ya kukalia. Wanaoandika sera moja kwa ulemavu wote wanatafuta urahisi wa kuandika.

Tukishajua cha kufanya bado linabaki swali la kwa nini. Wahenga walilijibu: hujafa hujaumbika. Yaliyompata mwenzio leo yanaweza kukupata kesho, kwa hiyo mtendee kama ambavyo ungetaka utendewe. Mwanafalsafa John Rawls alijenga kitabu kizima mwaka 1971 juu ya wazo lililo jirani na hilo: tuzipange taratibu za jamii kama watu wasiojua watazaliwa wakiwa nani. Hata hivyo Rawls aliwachukulia wanaokaa kupanga kuwa ni watu wenye uwezo wa kushirikiana na kuchangia maisha yao yote, na suala la wenye ulemavu mkubwa akaliweka pembeni lishughulikiwe baadaye. Methali yetu haimwachi mtu nje, na katika hilo imempita. Udhaifu wake ni kwamba inaweza kusikika kama tishio. Inamfanya mtoto aliyeko mbele yangu awe onyo juu yangu mimi, na nikishajisalimisha na hofu yangu nimemsahau yeye.

Jibu la pili ndilo linalopendwa kwenye makongamano: wawezeshwe, nao watalijenga taifa. Ni kweli kwamba wengi hulijenga, wakiwa walimu, wanasheria, mafundi na wabunge. Lakini hoja hii ina makali upande wa pili. Yupo mtoto mwenye ulemavu mkubwa wa akili ambaye baada ya mwaka mzima wa mwalimu na matroni kumrudia kila siku, amejifunza kushika kijiko, kufunga kifungo kimoja cha shati, na kugusa kikombe anapotaka maji. Hatalipa kodi. Eva Kittay, mwanafalsafa wa Marekani mwenye binti wa hali kama hiyo, aliandika mwaka 1999 kwamba nadharia za haki zimejengwa kana kwamba kila mtu husimama mwenyewe, ilhali kila mmoja wetu alibebwa na mtu na wengi wetu tutabebwa tena. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alizishutumu shule zilizopangwa kwa ajili ya wachache watakaosonga mbele huku wengi wakiachwa wajione wameshindwa. Sijui kwa nini shutuma hiyo iishie kwa waliofeli mtihani. Mtoto aliyejifunza kuomba maji ameacha kulia bila kueleweka. Amepata neno lake la kwanza kwa binadamu wenzake. Kama hiyo si elimu, basi hatujui tunachokiita elimu, na shule inayomfundisha haipaswi kujitetea kwa faida atakayoleta.

Ndiyo maana namna Kenya ilivyopanga njia ya hatua katika mtaala wake wa umilisi, ambamo mtoto anayeihitaji anasonga kwa hatua anazozifikia badala ya kufuata umri na madarasa, inanivutia kuliko majengo mengi mapya. Nchi hiyo ilianza vituo vya kupima mahitaji ya watoto mwaka 1984, na Taasisi ya Elimu Maalumu ikafuata mwaka 1986. Kupima mapema ndiko kunakookoa. Kila mtoto anayeanza darasa la kwanza apimwe macho na masikio, wote, pamoja na wale ambao mwalimu anaona wako sawa; wakipimwa wote hakuna anayetiwa alama. Mwalimu aliyefunzwa nukta nundu katika Chuo cha Patandi, Arusha, apangwe mahali penye mtoto wa kusoma nukta nundu, na asipewe vipindi vya madarasa matatu mengine mpaka akose saa ya kumfundisha. Hayo hayahitaji sera mpya.

Moja linahitaji. Lugha ya Alama ifundishwe kwa watoto wanaosikia, kipindi kimoja kila wiki tangu darasa la kwanza, angalau katika kila shule yenye kitengo cha viziwi na shule zinazoizunguka, na wafundishaji wawe viziwi wenyewe, walioajiriwa na kulipwa kama walimu wengine. Itagharimu mishahara. Hoja ninazozisikia dhidi yake ni za bajeti, na bajeti ile ile hununua chaki kila muhula bila mtu kuulizwa itarudisha nini.